Kompyuta Uliyounda Mwenyewe Ikiganda Wakati wa Kuwaka

Kompyuta ya mezani ikiganda kabla ya kufika kwenye Windows, wengi hapa Dar huwaza mambo mawili: kupiga Windows upya, au kwenda Kariakoo kutafuta RAM nyingine. Usitoe hata shilingi kwanza. Tazama imegandia wapi, maana hapo ndipo utakapojua kifaa kipi cha kushuku.

Feni zikizunguka na skrini ikabaki nyeusi, Windows haihusiki kabisa, haijafikiwa bado. Nembo ya ubao mama (ule mkubwa unaobeba vifaa vyote) ikitokea kisha ikakwama, aghalabu BIOS, ile programu ya ubao inayoanza kabla ya Windows, inangoja kifaa fulani kilichochomekwa kiitikie. Nembo ikipita na vidoti vikazunguka bila mwisho, hapo sasa chunguza diski na Windows.

Skrini nyeusi ndiyo inayosumbua zaidi. Kwenye ubao mama wa kisasa mara nyingi kuna taa nne ndogo zilizoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya grafiki, inayotoa picha) na BOOT (diski yenye Windows). Huwaka moja baada ya nyingine, na ile inayobaki imewaka ndiyo hatua iliyoshindikana. Ubao usio na taa hizo huenda una pini za kuchomeka spika ndogo. Maana ya milio yake itafute kwenye kitabu cha ubao huohuo, kwa sababu milio hutofautiana.

Taa ikibaki DRAM na umefunga RAM ya aina ya DDR5, subiri. Ikiwashwa mara ya kwanza, au baada ya mipangilio ya BIOS kufutwa, ubao huipima RAM kwanza, na skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa. Watu huzima katikati, kazi ikaanza upya. Ipe dakika 15. Isipoendelea, chomoa umeme, bakiza kijiti kimoja cha RAM kwenye sloti ya A2, ambayo kwenye bao nyingi za sloti nne ni ya pili kutoka kwenye prosesa. Kikandamize mpaka kilie tak. Jaribu kila kijiti peke yake. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na vumbi linaganda kwenye miguu ya RAM, ile ya dhahabu inayoingia kwenye sloti. Ifute kwa kitambaa na spiriti ya 99%, iache ikauke. Raba ya penseli inasafisha pia, lakini inakwangua dhahabu, kwa hiyo mimi siishauri. Ukiwa umechanganya vijiti vya kasi tofauti, zima XMP (mpangilio wa BIOS unaoiongezea RAM kasi) kabla ya kusema kimoja kimekufa.

Taa ya CPU ikibaki, angalia waya wa pini 8 ulio juu karibu na prosesa. Ule wa pini 24 peke yake hautoshi. Waya sahihi hugawanyika 4+4. Wa kadi ya grafiki ni 6+2, na umeme wake umepangwa kinyume, kwa hiyo usiulazimishe kuingia.

Pawa saplai ni ya kuichunguza kwa makini zaidi hapa kwetu, umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo. Kwa multimita, waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Pima kompyuta ikiwa inafanya kazi, kwa sababu pawa saplai iliyochoka husoma vizuri ikiwa haina mzigo, halafu ikaporomoka kadi ya grafiki inapoanza kuvuta. Ndiyo maana kipimo kizuri kuliko vyote ni kuchomoa kadi hiyo na kutumia grafiki iliyomo ndani ya prosesa, kama inayo. Za Intel zenye herufi F hazina. Pawa saplai yenyewe usiifungue: kapasita zake hubaki na umeme hata ikichomolewa.

Saa ya kompyuta ikirudi nyuma kila umeme ukikatika, badilisha betri ya CR2032, ile ya duara kwenye ubao mama. Mpya ni volti 3. Ikishuka chini ya 2.7 imekwisha. Ukiitoa kwa ajili ya kufuta mipangilio ya BIOS, kumbuka kwamba CSM (mpangilio wa kuwasha Windows kwa njia ya zamani) inaweza kuzimika, na Windows iliyowekwa kwenye diski ya MBR, yaani iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani, ikakataa kuwaka ingawa ni nzima. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli ya siri ya Windows), uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48 mkononi kabla hujagusa chochote.

Ikikwama kwenye nembo, chomoa flashi, printa na diski zote, ubakize kibodi. Ikipita, rudisha kimoja kimoja. Mara nyingi mkosaji ni diski inayokufa au waya wake wa SATA.

Kwenye vidoti, zima kwa nguvu, kwa kushikilia kitufe cha kuwashia, mara tatu mfululizo, Windows italeta menyu ya ukarabati. Ingia Safe Mode, ambamo Windows huwaka na vitu vya lazima tu. Ikiwaka humo, ondoa draiva ya grafiki uliyoweka mwisho. Isipowaka, ichomeke diski kwenye kompyuta nyingine na usome afya yake kwa programu ya CrystalDiskInfo. Ukikuta Current Pending Sector (idadi ya sehemu za diski zisizosomeka vizuri) inaongezeka, usianze na chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, maana itaisugua diski yote na inaweza kuimaliza. Nakili kwanza picha na kazi zako, zile usizoweza kuzipata tena popote, kisha ndipo uijaribu chkdsk.