Jiwe la Mswahili wetu pale Berlin, nilivyolisugua mpaka likasomeka

Kila nikiongea habari za Wanazi na ndugu zangu naambiwa "hayo mambo ya Wayahudi na Wazungu, sisi yanatuhusu nini." Inaniudhi sana, maana hata Mswahili mwenzetu alifia kwenye kambi yao. Mahjub bin Adam Mohamed, Wajerumani walimjua kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam 1904, baba yake askari wa Mjerumani, na yeye akaingizwa Vita vya Kwanza vya Dunia bado mtoto kabisa. Mwaka 1929 akaenda Berlin kudai mishahara ya jeshi, yake na ya baba yake, ambayo haikulipwa. Hawakumpa. Akabaki, akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza kwenye filamu, mpaka ile ya kumtukuza Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani yule yule tunayemwita Mkono wa Damu, maana ukiwa mweusi Berlin wakati ule kazi nyingine utapata wapi.

Jiwe lake la kumbukumbu, yale yanayowekwa mbele ya nyumba walikoishi watu walioteswa na Wanazi, liko Brunnenstraße namba 193, unashuka treni Rosenthaler Platz. Jamaa mmoja mwenyeji aliniambia nitafute bango kubwa ukutani, nikazunguka na baridi ile shingo juu kama twiga, hakuna kitu. Yale mawe yako CHINI, kwenye njia ya waenda kwa miguu, kipande cha shaba kama sentimita 10 kwa 10, unaweza kukikanyaga usijue. Liliwekwa 2007. Nilipolikuta lilikuwa jeusi tii, jina halisomeki, roho iliniuma.

Sasa kusafisha. Jamaa yule yule akasema chukua steelwool. Msithubutu, inakwaruza shaba. Nikanunua dawa ya kupuliza dukani, euro kadhaa hivi, ikatoa povu jingi na weusi uko pale pale. Ndo nikampigia mama Tanga, "Mama, zile sinia za shaba bibi alikuwa anazisugua na nini?" Akacheka, "Ukwaju mwanangu, na kanga kuukuu, hujui hilo?" Ukwaju nikaupata duka la Waasia, bei ya kawaida tu, nikauloweka usiku, asubuhi nikapiga magoti pale njiani nikaupaka, nikauacha kidogo, nikasugua kwa kanga mduara mduara, aisee herufi zikaanza kutoka moja moja, hapa aliishi, halafu jina, halafu 1904, halafu Sachsenhausen, jina la kambi ya mateso ya Wanazi, halafu 24.11.1944, linang'aa mpaka watu wanasimama! Suuza vizuri na ukaushe, asidi ikibaki linarudi kuwa jeusi haraka.

Bibi mmoja wa Kijerumani akaniuliza huyu nani, nikamweleza yote. Kwamba sheria za Nuremberg za 1935, zile za Wanazi za kukataza ndoa na mapenzi na Wajerumani, zilianza na Wayahudi zikaongezwa kwa Waroma na weusi. Kwamba 1937 watoto mia kadhaa wa Rhineland, mama Wajerumani baba askari weusi wa jeshi la Ufaransa, walifungwa uzazi kwa nguvu. Kwamba huyu alikamatwa 1941 kwa sababu ya mapenzi na mwanamke wa Kijerumani, wakamtupa kambini Sachsenhausen, akafia huko akiwa na miaka 40. Akaniambia anapita pale kila siku na hakuwahi kusikia kulikuwa na Mswahili. Nikamfundisha kulitamka jina lake vizuri, Mahjub, akalirudia mpaka likakaa sawa.

Wengi wanasafisha mawe haya tarehe 9 Novemba, kumbukumbu ya usiku Wanazi walipowashambulia Wayahudi, au 27 Januari, siku ya kuwakumbuka waliouawa na Wanazi. Mimi naenda 24 Novemba, siku aliyofariki, namsomea Fatiha pale pale maana alikuwa Muislamu na sidhani kambini kuna aliyemsomea. Mkienda bebeni maji ya kutosha, chupa moja haitoshi, na kitu cha kuweka chini ya magoti, mawe ya Berlin mwezi huo ni barafu tupu. Ukwaju uwe ule wa kuloweka, sio ule mtamu wa peremende.