Herufi d Iliyonigomea

Nasomesha hisabati kidato cha sita hapa Wete. Mwaka jana nilinunua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, nikaichomeka kwenye televisheni ya ukumbini, kwa sababu moja tu: tangu 2013 Mathematica, programu ya kukokotoa hisabati, hutolewa bure kwa kompyuta hiyo, mradi usiitumie kibiashara.

Kuandika Integrate[Sin[x]^2, x], yaani intigro ya sin²x, kwa mstari mmoja niliweza siku ile ile, ingawa mabano ya mraba na S kubwa vilinikera. Nilichokitaka hasa ni kuona kwenye kioo kile kile ninachokiandika ubaoni. Nikajifunza kwamba Ctrl na / huleta mstari wa sehemu, Ctrl na 6 hupandisha kipeo, Ctrl na 2 huchora kipeuo cha pili, na kwamba alama ya intigro hupatikana kwa kubonyeza Esc, kuandika int, kisha kubonyeza Esc tena.

Hapo ndipo nilipokwama. Niliandika d na x mwishoni kama nilivyozoea, na kila nikibonyeza Shift na Enter ili ikokotoe, programu ikanigomea. Nilihangaika tangu baada ya ishaa mpaka mtoto wa dada yangu, aliyekuwa akisubiri televisheni yake, akainama kuangalia mfano kwenye maelezo ya programu.

“Mjomba, d yao ina mgongo wa mistari miwili. Yako ina mmoja.”

Kweli. Ile si herufi bali ni alama, na huandikwa Esc, dd, Esc. Nilipoibadilisha, jibu likaja mara moja: x/2 kutoa robo ya Sin[2x].

Baadaye niligundua kuwa Ctrl, Shift na T hugeuza maandishi yawe ya kimapokeo, ambapo sin²(x) yenye s ndogo na mabano ya mviringo hukubalika. Lakini humo k(x+1) husomwa kuwa k ni kazi (function), kama sin, inayotumika juu ya x+1. Ukitaka kuzidisha, lazima uache nafasi kabla ya mabano. Siilaumu mashine, kwani sisi wenyewe huandika sin²x tukikusudia kipeo, kisha tukaandika sin⁻¹x tukikusudia kinyume cha kazi, na tunatarajia mwanafunzi atambue.

Kwa hiyo siku hizi nahesabu kwa mabano ya mraba, na nageuza kuwa maandishi ya kimapokeo pale tu ninapotaka kuchapisha karatasi ya mazoezi.