Mpwa wangu na pembetatu iliyogeuzwa

Kila niliyemwambia kwamba mpwa wangu wa kidato cha pili anafeli jometri alinijibu lile lile: mtie tuisheni, akariri kanuni, apige maswali. Mimi fundi mwashi wa hapa Ngamiani, Tanga, nikafuata. Mkebe mpya elfu mbili na kitu, tuisheni kama miezi miwili. Kanuni ya Pythagoras, kwamba mraba wa upande mrefu ni jumla ya miraba ya zile pande mbili fupi, akawa anaijua kama Alhamdu, na bado akarudi na 18.

Jioni nikakaa naye barazani na karatasi yake. Pembetatu mraba ilichorwa pembe ya digrii 90 ikiwa juu, upande mrefu umelala chini. Yeye kaushika upande wa kushoto ndiyo haipotenusi, yaani ule upande mrefu kuliko yote.

"Kwa nini huu?"

"Mjomba, haipotenusi ni ule ulioinama."

Nikaizungusha karatasi polepole mpaka ile pembe ikaja chini. Akaikazia macho. "Kumbe ni ile ile!"

Iliniuma, maana tulishamgombeza sana kwa uvivu. Mtoto ameizoea pembetatu iliyokaa namna moja, ikigeuzwa haijui tena.

Jumamosi nikaenda naye saiti, tunaanza msingi. Sisi kona tunaitafuta kwa 60, 80 na 100: unapima sentimita 60 kwenye kamba hii, 80 kwenye ile, halafu kutoka alama hadi alama lazima usome 100. Nikampa futi kamba, nikakaa pembeni. Ikaja 97. Akaipanua kamba, 102. Akairudisha kidogo kidogo, jasho linamtoka, mpaka 100 kamili. Nikamwambia apige hesabu hapo hapo mchangani: 60 mara 60 ni 3,600, 80 mara 80 ni 6,400, jumla 10,000, yaani 100 mara 100. Akacheka peke yake.

Sikumwachia kona moja. Nilimzungusha zote nne, kila moja imeelekea upande wake, na kila mara namuuliza mia iko wapi. Ya tatu akasema mwenyewe: "Mjomba, ndefu siku zote inaitazama kona."

Na lugha nayo. Shule ya msingi alisoma nusu kipenyo na mzingo. Kidato cha kwanza vyote vikabadilika majina kwa mpigo. Nyumbani sasa anaeleza mchoro kwa Kiswahili kwanza, jina la Kiingereza linafuata. Kwa mwenye mtoto, anzia hapo kabla ya kulipa tuisheni.

Jaribio lililofuata alipata 54. Karatasi ilirudi imekunjamana pembe zote, kwa kuzungushwa.