Siku yangu moja: naandika kodi, ila siyo ya nyumba

Saa 11 na nusu alfajiri nipo Rangi Tatu nagombania daladala, saa 2 nipo Kariakoo ghorofa ya nne, lifti mbovu kama kawaida. Natengeneza programu za maduka. Mama mwenye nyumba nikimwambia naandika kodi ananijibu "sawa mwanangu, na ya kwangu je?"

Saa 3 kazi ya kwanza. Duka la vitenge, wauzaji 14, wote paswedi yao 123456 na mzigo unapungua stoo bila kujulikana nani kaingia. Wanataka batani ya kutoa paswedi za kubahatisha. Dogo wa fildi anataka kushusha laibrari, yaani kodi walizoandika wengine, nikamwambia dogo tunza bando, kila kitu kipo ndani ya brauza. Akaandika Math.random, ile ya brauza ya kutoa namba ovyo ovyo. Hapana, hiyo ya kuchezea ludo, mjanja akiona namba chache anapiga hesabu anazijua zinazofuata. Weka crypto.getRandomValues, inakupa baiti, namba 0 mpaka 255. Sasa herufi na tarakimu zetu ni 62, ukigawanya baiti kwa 62 ukachukua baki ndo ichague herufi, zile nane za mwanzo zinapendelewa, kwa sababu 62 mara 4 ni 248 na juu yake zinabaki 8. Ikitoka 248 kwenda juu tupa, chota nyingine. Mistari kumi na kitu, saa 5 ipo hewani.

Saa 6 bosi wa vitenge anapiga. "Kijana, hizi paswedi kaandika nani, mganga?" Keshia hawezi kuingia. Namsomea herufi moja moja, ananiuliza hiyo ni sifuri au O, nasema O kubwa bosi, na hii fimbo? Ni eli. Mbona kama moja? Nusu saa nzima hivyo, wali maharage wangu unapoa mezani, mara anasema weka jina la duka na mwaka tuishie hapo. Nikaona isiwe tabu, nikashuka ghorofa zote nne, jua la utosi, mikokoteni "pisha pisha", nafika namkuta dada wa watu anatumia simu na simu yenyewe inageuza herufi ya kwanza kuwa kubwa. Basi. Ndo hilo tu. Bosi hata maji hakunipa.

Kurudi umeme umekata. Uliporudi, sijui saa 11 sijui 12, nikazitoa 0, O, 1, l na I, zikabaki 57, nikapandisha, nikaondoka.

Nimesimama kwenye daladala, kapu la mtu limekalia mguu wangu, foleni haisogei, ndo nakumbuka 248 nimeiacha vilevile. 57 mara 4 ni 228! Maana yake herufi 20 za mwanzo zinapendelewa. Hakuna mwizi wa vitenge atakayegundua, ila mimi nimeshajua na usingizi hautakuja. Nikampigia dogo, badilisha 248 iwe 228, au acha mashine ijipigie hesabu yenyewe, 256 toa baki ya 256 kwa idadi ya herufi.

"Kaka nimeshazima kompyuta."

"Iwashe."