Akaamuru Apewe Chakula

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili nilikuwa karibu nisiandike. Jumapili usiku nikiwa naoga, mkono wangu ulipita chini ya taya, upande wa kushoto, ukakuta kitu kama punje ya njegere. Nilifunga maji nikasimama palepale na povu mwilini. Aliyewahi kuugua limfoma, yaani saratani ya tezi, anaujua usiku wa namna hiyo, maana mkono unarudi shingoni wenyewe. Nilikigusa kile kitezi kabla ya kulala, nikakigusa tena saa nane za usiku, nikakigusa alfajiri, hadi kikaanza kuuma. Kilipouma nikazidi kuogopa.

Jumanne nilikuwa na kliniki Upper Hill, hapa Nairobi, ile ya kila miezi mitatu. Daktari alinikagua shingo, makwapa na tumbo, akaniambia nifungue mdomo. Koo lilikuwa jekundu. Akanieleza kwamba tezi zile ni askari wa mwili, na mtu akipata mafua zinaweza kuvimba kidogo. Nirudi baada ya wiki mbili aiangalie, na ikizidi kukua nisingoje. Nikashukuru, nikatoka, nikaketi kwenye ukuta mfupi wa nje na simu mkononi, nikilia. Nilitaka kumpigia mtu nimwambie nilivyoogopa, na sikumpata wa kumpigia. Kila niliyemfikiria ananijua kama yule dada aliyesimama madhabahuni mwezi wa Februari akasema amepona. Ningeanzaje kumwambia kwamba nimekesha siku mbili nikijipapasa shingo?

Siku hiyo jioni nilifungua Marko 5, mahali pa binti Yairo. Ni habari tunayoijua sote tangu shule ya Jumapili: Yesu anamshika mkono, anasema *Talitha kumi*, yaani "Msichana, inuka", na msichana anasimama na kutembea. Sisi huishia hapo, tunapiga vigelegele. Lakini Marko hakuishia hapo. Anasema Bwana aliwaonya sana mtu asijue habari ile, kisha akaamuru apewe chakula.

Nimeukalia mstari huo tangu Jumanne. Yeye aliyemwita mtoto kutoka mautini kwa neno hakukosa neno la kumshibisha. Angeweza. Lakini shibe ya mtoto aliiacha mikononi mwa watu wa nyumba ile, tena haraka, kabla jirani hawajaingia kushangaa. Uhai ameurudisha Bwana, na uji atapika mama.

Sisi, wapendwa, tumeigeuza amri hiyo. Bwana alisema habari isitangazwe na msichana alishwe. Sisi tunatangaza, na msichana tunamwacha na njaa.

Nasema hivi kwa sababu yalinipata. Niliugua kwa muda mrefu kabla ya kujua ninachougua. Nilikuwa na homa za jioni, jasho la usiku la kulowesha shuka, nguo zikinipwaya. Kwa kuwa kifua kikuu kina dalili hizohizo, nilitibiwa kifua kikuu kwanza, miezi ikapita na uvimbe wa shingoni ukaendelea kukua. Ilipokatwa tezi moja ikapelekwa maabara ndipo tukaambiwa ni limfoma ya Hodgkin. Nilianza kemo, zile dawa za saratani za dripu, Julai 2024 tukiwa bado na NHIF, bima ya afya ya taifa, nikamaliza tukiwa tayari tumehamishiwa SHA iliyochukua nafasi yake. Dripu kumi na mbili, kila baada ya wiki mbili, dawa nne kila mara. Moja ni nyekundu kama juisi ya mtoto, na ukienda haja ndogo baadaye unauona wekundu huohuo. Miezi hiyo sita kanisa lilinibeba kweli. Mchango ulifanywa, mikesha ya maombi ilifanywa, watu walipokezana kunisindikiza. Mungu awalipe.

Kisha skani ya mwisho ikatoka safi. Jumapili iliyofuata niliitwa mbele. Nilikuwa bado sina nyusi. Nikashuhudia, watu wakashangilia, video ikasambazwa kwenye vikundi vyote vya simu. Na tangu siku hiyo mlango wangu haukubishwa tena. Sikuachwa kwa ubaya wa mtu. Watu walidhani kazi imekwisha, na mimi mwenyewe nilidhani hivyo.

Sikiliza sasa jinsi kazi ilivyoisha. Naishi ghorofa ya tatu, huku Umoja, na kufika kwangu napumzika mara mbili kwenye ngazi, maana moja ya zile dawa nne hugusa mapafu. Ile nyekundu nayo inabidi moyo uangaliwe. Nyingine hugusa mishipa ya fahamu ya vidole. Asubuhi moja nilikuwa namvalisha kitinda mimba wangu shati la shule. Kifungo nakiona, tundu naliona, lakini vidole havikisikii. Nikajaribu kifungo cha tatu mara nne, mara tano. Mtoto alitulia kabisa, hakusema kitu, kisha akaniondoa mikono polepole na kuvifunga vyote mwenyewe. Akaniambia, "Mama, wewe nifunge sweta." Sweta ni ya kuvuta kichwani, haina kifungo hata kimoja. Mtoto wa miaka sita alikuwa amefikiria hadi hapo.

Na huo uchovu. Si uchovu wa kazi, kwamba ukilala unaondoka. Unaamka nao. Daktari alisema unaweza kukaa miezi mingi baada ya dripu ya mwisho, na ganzi ya vidole vilevile hupungua taratibu sana. Hofu nayo ina kalenda yake: ugonjwa huu ukiamua kurudi, mara nyingi hurudi katika miaka miwili ya kwanza, ndiyo maana wanatuita mara kwa mara. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu naishi tena kama mtu anayengoja hukumu.

Kuna mpendwa aliniambia kwamba kwenda kliniki baada ya kushuhudia ni kukosa imani. Ndugu yangu, nakukemea kwa upendo. Wale kumi wenye ukoma Bwana aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, yaani wakaguliwe. Ukimshauri mgonjwa aache miadi yake, damu yake utaulizwa wewe. Nawe unayesoma haya na umekosa kliniki kwa aibu au kwa nauli, nenda kesho. Ukikosa nauli, niandikie.

Nirudi kwenye uji. Wakati wote wa kemo, jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa akija siku ya pili baada ya dripu. Si wa kanisa letu, ni Mwislamu. Alikuwa haulizi. Analeta chupa ya uji wa wimbi uliotiwa ndimu, kwa sababu aligundua kwamba mdomo wangu unaonja chuma na ndimu inakata ile ladha. Anaiweka mezani, anaosha vikombe vilivyokuwa vimelala, anaondoka. Mwanzoni nilikuwa namwambia niko sawa, asijisumbue. Alinijibu mara moja tu, "Mgonjwa haulizwi uji." Baada ya skani safi, yeye hakuacha. Alhamisi hii amekuja tena. Nilimweleza kuhusu kitezi, kuhusu ukuta wa Upper Hill, kuhusu kukosa wa kumpigia. Alinikumbatia, kisha akanigombeza, kwamba namba yake ninayo.

Ndipo nikaona kosa langu mwenyewe. Msichana wa Yairo aliletewa chakula, na ilimbidi ale. Mimi nilikuwa nimeufunga mdomo kwa ajili ya ushuhuda wangu, nikaogopa kwamba nikisema ninaumwa nitamwaibisha Mungu. Mungu haaibiki kwa njaa ya mtu aliyemwinua. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuikumbuka.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaotoka hospitali, na ninyi mnaoishi nao. Usimwambie mtu "ukihitaji chochote niambie", hatakuambia. Nenda. Panda ngazi, chukua mtoto umpeleke shule, panga foleni ya dawa kwa niaba yake, kaa naye siku ya kungoja majibu hata bila maneno. Na akikuambia anaogopa, usimrushie mstari wa Biblia mdomoni kabla hajamaliza sentensi. Wenye mzigo mzito zaidi waende Nairobi Hospice pale Hospitali ya Kenyatta, ambayo ipo tangu 1990. Watu hulikimbia jina hilo wakidhani ni mahali pa kufia tu, kumbe kuna ushauri na masikio yanayosikiliza, kwa mgonjwa na kwa jamaa zake. Mimi nimejiunga pia na kikundi cha manusura. Siku ya kwanza mama mmoja alijishika shingo akiwa anaongea, na nusu ya chumba tukajikuta tumejishika shingo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Dada yetu mmoja wa ushirika wa Jumatano anapata dripu yake ya mwisho Ijumaa hii. Siku ya pili na ya tatu ndizo nzito, basi twende Jumapili baada ya ibada. Nitaleta uji. Tafadhali asiwepo wa kuleta vya kukaanga, harufu ya mafuta inamtapisha, na mdomo una vidonda, kwa hiyo pilipili hapana. Mwenye mafua abaki nyumbani, kinga yake iko chini. Anayeweza kufua aje na sabuni. Tukutane stejini saa saba, na saa tisa tuwe tumeondoka ili alale. Habari za ushuhuda asiulizwe.