Tunavyoandika hadithi ya anga kwa zamu: mmoja Mbeya, mmoja Makete, mmoja barabarani

Hadithi yetu inaanzia Ndolezi, kule Mbozi, kwenye kile kimondo ambacho wengi wa huku tulipelekwa kukiona tukiwa shule. Kwa asiyekijua, ni pande la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16, karibu asilimia 90 chuma na kilichobaki zaidi ni nikeli. Wenyeji walikijua tangu zamani, ila habari zake ziliandikwa kitaalamu mwaka 1930. Chuma cha namna hiyo, wanasema wanasayansi, kilikuwa kwenye kiini cha asteroidi kubwa, yaani jiwe la anga linalozunguka Jua, iliyogongwa ikavunjika. Basi sisi tukajiuliza: kama hiki kilichopo Ndolezi ni kipande tu, pande lenyewe liko wapi? Tukaunda chombo, tukakipa jina Kilimia, tukamweka Sekela, binti wa Tukuyu, awe nahodha, tukawatuma wakalitafute kati ya sayari za Mirihi (Mars) na Mshtarii (Jupita).

Tuko watatu. Mimi nina steshenari Mwanjelwa, nachapa, natoa kopi, nalamineti vyeti. Mwenzangu wa pili anafundisha fizikia sekondari huko Makete, tunamwita Mwalimu. Wa tatu ni dereva wa lori, anatoa mzigo Dar es Salaam kupeleka Zambia kupitia Tunduma, na jina lake kwetu ni Dereva tu. Tulisoma wote kidato cha tano na sita Iringa, na hadithi tulikuwa tunatungiana tangu enzi hizo kwenye kurasa za nyuma za madaftari ya Jiografia. Ila huu mfululizo hatujawahi kuuandika tukiwa tumekaa meza moja.

Watu wakisikia hivyo wanadhani tuna programu fulani ya maana. Hatuna. Tulianza na hati ya pamoja ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu anafungua na kuandika humo humo. Makete haikufunguka. Dereva naye akivuka mpaka laini inabadilika, bando linaisha akiwa hajasoma hata aya moja. Tukaiacha. Sasa hivi Mwalimu anaandika kwa mkono kwenye kaunta buku, jioni anapanda pale mtandao unaposhika, anapiga picha kurasa na kunitumia kwa WhatsApp. Dereva haandiki kabisa, anasimulia. Akiwa kwenye foleni ya Tunduma, ambayo siku nyingine inamkalisha muda mrefu, anarekodi sauti ndefu ndefu huku honi zinalia nyuma yake na mtu anauza mayai ya kuchemsha dirishani. Mimi nachapa vyote dukani saa ambazo hakuna wateja.

Hiyo ndiyo njia ya kupitisha maandishi. Kazi yenyewe ilikuwa kwingine.

Sura za mwanzo zilikuwa na sauti tatu zinazogombana. Mwalimu anaandika kama kitabu cha kiada, sentensi zimenyooka na kila kifaa kina maelezo yake. Dereva anakwenda kwa misemo ya barabarani na utani. Mimi ndiyo mpenzi wa kuelezea sura za watu na nguo walizovaa. Nikijaribu kuzilainisha zote zifanane, zinakuwa uji usio na chumvi. Dereva ndiye aliyetoa dawa. Alisema, "Sista, kwani lazima tuonekane mtu mmoja? Kila mtu apewe mtu wake." Tukagawana wahusika. Mimi nina Sekela. Dereva ana fundi mitambo wa chombo, mzee mmoja mbishi ambaye sura zake zinasimuliwa na yeye mwenyewe, kwa Kiswahili chake. Mwalimu ana kituo cha mawasiliano, nacho tumekiweka Kitulo, mita zaidi ya 2,600 juu ya usawa wa bahari, mbali na taa za miji. Sura zake zote ni kumbukumbu za zamu: saa, ujumbe ulioingia, ujumbe uliotoka. Ule ukavu wake uliokuwa unaniudhi sasa umekuwa ndiyo utamu. Msomaji anajua kitu kimeharibika kwa sababu tu mstari wa saa nane usiku haujajazwa.

Na kuna sheria moja tu tuliyoapiana: humuui mhusika wa mwenzako bila kumpigia simu. Ujumbe wa maandishi hautoshi. Unapiga simu, mnaongea.

Kinachotushikilia pamoja ni daftari. Ni kaunta buku la kurasa 192 linalokaa chini ya kaunta yangu, na baada ya kila sura naandika humo mambo ambayo hayaruhusiwi kubadilika: nani yuko wapi, nani anajua siri gani, oksijeni imebaki kiasi gani, funguo ya stoo iko kwa nani. Aliyemaliza zamu anamtumia anayefuata makabidhiano, kama watu wanavyokabidhiana ofisi. Mfano ni huu, wa Dereva, nimeunakili ulivyo: "Fundi kaumia mguu wa kushoto, ajificha asijulikane. Sekela hajui. Pampu ya pili inavuja, Kitulo wanadhani ni ya kwanza. Chakula kipo. Usimponye haraka." Mwalimu akapokea, na kwenye sura yake Kitulo wakawa wanatoa maelekezo ya kurekebisha pampu isiyo na tatizo. Nilipoichapa nilicheka peke yangu mpaka mteja aliyekuja kupiga kopi kitambulisho akauliza kuna nini.

Daftari hilo lina safu mbili za tarehe, na hapo ni ubishi wa Mwalimu. Siku ya Mirihi ni ndefu kidogo kuliko yetu, saa 24 na dakika kama 39. Unaona ni kitu kidogo, lakini kila baada ya siku 36 au 37 tofauti inajikusanya inafika siku nzima. Walipokuwa wametua Mirihi kusubiri vipuri, Dereva alisimulia fundi anamwimbia mjukuu wake wimbo wa siku ya kuzaliwa. Mwalimu akakokotoa, akasema huko nyumbani siku hiyo imeshapita. Tungeweza kufuta. Badala yake tukaiacha, fundi akajua baadaye kwamba amechelewa. Wasomaji wengi wameniambia hapo ndipo walipompenda yule mzee.

Ubishi wa sayansi ndio unaokula muda wetu mwingi, na siuoni kama hasara. Mwanzoni Sekela alikuwa anagombana na Kitulo redioni, huyu anasema, huyu anajibu papo hapo. Mwalimu alinitumia picha ya ubao wa darasani. Mirihi ikiwa karibu kabisa nasi ni kilomita milioni 55 hivi. Ikiwa upande wa pili wa Jua inafika milioni 400. Mawimbi ya redio yanakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Gawanya mwenyewe: dakika tatu ikiwa karibu, dakika 22 ikiwa mbali, na hiyo ni kwenda tu. Chini ya ubao aliandika, "Dada, hawa hawawezi kukatizana maneno." Nilikasirika, kwa sababu lile gombano nilikuwa nalipenda. Nikaliandika upya: Sekela anatuma matusi yake, anapoa, anatuma msamaha, na Kitulo wanapokea matusi kwanza wakati yeye huku ameshatulia. Msamaha uko njiani. Ilibidi wote wasubiri.

Dereva naye alikutana na ubao huo huo. Alisimulia Kilimia inakwepa mawe ya asteroidi, kushoto kulia, kama bodaboda pale Kabwe ya Mbeya saa za jioni. Mwalimu akamwambia kule mawe yako mengi lakini yametawanyika, kati ya moja na jingine kunaweza kuwa na mamia ya maelfu ya kilomita, na kwamba Pioneer 10, chombo cha Wamarekani, ilirushwa mwaka 1972 ikapita ukanda wote wa asteroidi salama mpaka ikafika Mshtarii Desemba 1973. Dereva alinuna. Alikaa kimya muda, zamu yake ikapita. Kisha ikaja sauti moja kutoka njia ya Zambia, ametulia kabisa: "Ticha, kama kule hakuna kitu cha kukwepa, basi hatari ni usingizi. Mimi naijua hiyo." Akasimulia sura ya fundi aliye zamu peke yake, hakuna kinachotokea, macho yanamdanganya, anaanza kuona taa za lori linalokuja mbele. Ni sura bora kuliko zote tulizoandika, na nasema hivyo mimi ambaye siyo yangu.

Hivyo ndivyo tulivyogundua kila mtu aandike anachokijua kwa mwili wake. Kutua Mirihi tulimwachia Dereva. Mwalimu alimpa mambo ya msingi: hewa ipo lakini nyepesi mno, mgandamizo wake haufiki hata asilimia moja ya wa huku chini, inatosha kukuchoma ukiingia kwa kasi, haitoshi kukusimamisha. Dereva akafikiria mlima Kitonga. "Kitonga hushuki kwa breki. Unaingia umeshapunguza, gia ndogo, breki unaigusa na kuachia. Ukiikalia inashika moto, na ikishika moto huna breki tena." Fundi wake akaishusha Kilimia hivyo hivyo, anaachia hewa ifanye kazi kwanza, mwamvuli baadaye, injini mwisho kabisa, na njia nzima anamfokea kijana aliye kwenye usukani asikalie breki.

Mwalimu naye alileta maharage. Anakaa juu, na huko maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, yako kama 91 au 92. Maharage yanachemka mchana kutwa na bado magumu. Ndani ya chombo chetu mgandamizo wa hewa ulishushwa ili kuokoa akiba, basi jikoni kukawa na vita ya maharage yasiyoiva sura mbili nzima. Mwisho wa vita ni fundi kutengeneza sufuria ya presha kwa mfuniko wa tangi na boliti. Kwa uzito nako tulitumia vya nyumbani: gunia la viazi la kilo 100 Mirihi unalinyanyua kama la kilo 38, lakini ukilisukuma likaanza kwenda, kulisimamisha ni kazi ile ile ya Njombe. Kijana wetu mmoja alivunjika vidole kwa kusahau hilo.

Mimi yangu ilikuwa kuondoka. Nilitaka roketi iruke hapa hapa Mbeya, watu wa Uyole waione. Mwalimu akakataa: roketi inarushwa kuelekea mashariki na vipande vyake vya chini vinaanguka, kwa hiyo upande huo unahitaji bahari, siyo Mbarali na mashamba ya watu. Sawa. Nikapakia Kilimia kwa vipande kwenye treni ya TAZARA, stesheni ya Mbeya, ikashuka taratibu Makambako, Mlimba, mpaka Dar es Salaam, na watu wakiipungia bila kujua imebeba nini. Treni imenipa sura tatu. Roketi ingenipa aya moja.

Sura zikikamilika nazituma kwenye kundi la wasomaji WhatsApp, na nyingine nachapa, nakunja, naziweka dukani. Msomaji mmoja aliandika kwamba Waafrika na roketi wapi na wapi. Nilikuwa nataka kumjibu vibaya, Mwalimu akaniwahi. Akamweleza kuhusu jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, linalomilikiwa na Waitaliano, ambako Desemba 12, 1970 ilirushwa satelaiti ya Wamarekani, ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Kenya, wakaiita Uhuru. Yule msomaji hakujibu, ila kesho yake aliuliza sura ijayo inatoka lini.

Kuhusu fedha, hazijawa nyingi kiasi cha kugombania, na ndiyo maana tuliandikiana mapema. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua kazi iliyotungwa na watu zaidi ya mmoja, lakini nyinyi wenyewe msipokubaliana nani ana nini, mtabishana tu. Yetu ni ukurasa mmoja: mapato yanagawanywa sawa baada ya kutoa karatasi na wino, majina yanakwenda kwa alfabeti, mhusika anabaki wa aliyemtunga, na anayejitoa anaruhusiwa kuandika sura moja ya kumuaga mtu wake. Kipengele hicho cha mwisho alikitaka Dereva. Tulisaini kila mtu alipo. Karatasi ilipanda basi kwenda Makete, ikarudi, ikamsubiri dukani mpaka alipopita na lori.

Kwa sasa wamelipata pande lenyewe, na tunabishana wafanye nini nalo. Mwalimu anataka walipime waliache. Dereva anataka wakate kipande warudi nacho, kwa sababu safari bila mzigo ni hasara. Mimi nina kura ya tatu na Sekela ni wangu, nimewaambia wanisubiri wiki ya mitihani ipite, dukani kuna foleni ya kuchapa.