Meli yenye mkono wake

Meli ya mizigo Arthur M. Anderson imeingia Duluth, bandari ya Marekani kwenye Ziwa Superior, jioni hii ikiwa na mawe ya chokaa. Daraja la mferejini likapandishwa, nahodha akapiga honi, daraja likaitikia kwa honi yake, na watu ukingoni wakapunga mikono.

Wengi huipenda kwa sababu ya usiku wa tarehe 10 Novemba 1975. Ndiyo iliyokuwa ikiifuata Edmund Fitzgerald, meli nyingine ya mizigo, katika dhoruba ya Ziwa Superior. Fitzgerald ilipozama na watu wake 29, Anderson ilikuwa imeshafika penye hifadhi, lakini ikarudi kwenye mawimbi kuwatafuta. Nami huwaza hilo kila nikiiona. Ila leo nilitaka kuona inavyopakua, nikaenda kusimama ng'ambo ya ghuba.

Gatini hapakuwa na kreni wala wachukuzi. Meli hii hujipakua yenyewe. Sakafu ya ngama, chumba cha shehena, imeinamishwa kuelekea kwenye malango yaliyo chini kabisa. Lango likifunguliwa, mawe hushuka kwa uzito wake kwenye mkanda unaopita handakini, chini ya shehena yote. Mkanda huyapeleka tezini, nyuma ya meli, yakapandishwa hadi juu ya sitaha, kisha hutoka kwa mlingoti wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita 70, ambao huzungushwa hadi juu ya nchi kavu. Yanamwagika tu, mlima unakua. Ndiyo maana hata mji mdogo usio na mtambo wowote bandarini huweza kuletewa mawe au chumvi.

Ufundi huu ni wa zamani. Meli ya Wyandotte iliundwa hivyo tangu 1908. Anderson yenyewe ilijengwa Lorain, Ohio, mwaka 1952, ikitegemea mashine za bandarini. Baadaye ikakatwa katikati, ikaongezwa urefu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikafungwa mikanda na mlingoti huo. Maji ya ziwa hayana chumvi ya kula chuma, kwa hiyo bodi lililotunzwa hudumu, na mafundi huona faida kulibadilisha kuliko kulikata vyuma chakavu.

Mtu wa Kigoma hawezi kulitazama jambo hilo bila kuikumbuka Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Ilishushwa majini 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka uliofuata, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikaanza tena kazi. Nimekua nikiiona. Wanaosema meli kuukuu ni aibu hunikera sana, kwa kuwa hawajui kazi iliyomo katika kuiweka hai.

Lakini ninaowaheshimu zaidi usiku huu ni walio handakini. Malango hayo yana watu wa kuyafungua kwa zamu, kwa mpangilio, ili meli isilemee upande mmoja, huku vumbi na kelele vikiwazunguka. Wakimaliza hapo, kuna mbale za chuma, yaani mawe yenye madini, za kupakia, na safari ya kuteremka tena kwenye maziwa ya chini.